Siku 'The' Ilipopigiwa Vigelegele

Hili nalisimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kulisikia kwa watu ambao hata hawakuwepo. Pale sokoni Masoko wanasema nilipandisha mashetani mbele ya wageni, Kivinje wanasema nilimsukuma mzungu kisimani nikamtoa mwenyewe ili nisifiwe, na juzi stendi dada mmoja anayeuza korosho kanitazama weee, mwisho akaniuliza, "Samahani dada, wewe ndiye yule wa de?" Basi ndiyo, ni mimi. Niliaibika, tena niliaibika mchana kweupe, mbele ya bosi wangu, mbele ya wageni, na mbele ya ukoo mzima wa baba yangu, na kama kuna mtu hapa bado ana kicheko chake cha akiba akimalize sasa hivi, ndipo niendelee.

Naitwa Somoe. Wakati ule nilikuwa nafua mashuka kwenye nyumba ya wageni ya Madamu Editha, hapa hapa Kilwa Masoko. Madamu ni Mmwera wa Nyangamara, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mwanamke ambaye akinyamaza tu unaanza kutubu hata kosa ambalo hujalifanya. Alikuwa na nafasi moja ya mtu wa kuwavusha wageni kwenda Kisiwani kuwaonyesha magofu, na nafasi ile niliitaka jamani, niliitaka mpaka nikawa naiota, maana magofu yale ndimo nilimokulia, kwa baba yangu ni kule, nilicheza kombolela nyuma ya zile kuta kabla sijajua kuwa kuna watu wanapanda ndege kuja kuzitazama. Na Kiingereza nilikuwa nacho (nusu cha sekondari, nusu cha kuokoteza kwa wageni nikiwa naanika). Kilichokuwa kinanitoa jasho ni vineno viwili tu, 'a' na 'the'.

Kwa asiyejua nimweleze, maana ndiyo mkasa wenyewe ulipo. Sisi ukisema "nimeona nyoka chumbani" umemaliza, wa kukimbia akimbie. Mwenye Kiingereza chake hajaridhika, anataka kwanza ajue: ni nyoka tu, mmoja kati ya nyoka wote wa Mungu, au ni nyoka yule, yule yule ambaye mimi na wewe tunamfahamu? Akiwa nyoka tu unamtangulizia 'a', akiwa yule tunayemfahamu unamtangulizia 'the'. Sasa mimi safari ya kwanza Madamu aliponijaribu na wageni, nikamwambia mama mmoja wa watu kuwa nimeona 'the snake' chumbani kwake. Yule mama hakupiga hata kelele. Alikusanya mizigo yake, akaenda kwa Madamu akamwambia, kumbe huyu nyoka mnamjua siku zote na mnatulaza naye! (Na nyoka mwenyewe alikuwa mjusi, lakini hayo tuyaache.)

"Somoe," Madamu akaniambia baada ya yule mama kuhamia kwa jirani, "historia unaijua, sauti unayo, heshima unayo. Ila hivyo vineno vyako vitanifukuzia watu. Nitakujaribu mara nyingine, ya mwisho. Ukianguka unarudi kwenye mashuka, na sitaki tena kusikia habari za kuongoza wageni."

Nikajifunza, wallahi nilijifunza. Nilikuwa nafua huku nasema shuka hili, shuka lolote, ndoo ile, ndoo yoyote, mpaka mpishi akaniuliza kama nimegombana na vyombo. Na kweli kikaanza kuingia. Madamu naye akapata wageni wa kunijaribia, Bwana Tom na mkewe Bibi Ruth, walimu wastaafu wote wawili, watu wapole. Akawaeleza kuwa Jumamosi huyu binti atawatembeza Kisiwani, yeye Madamu atafuata nyuma akisikiliza, na wao mwisho wa safari wamwambie ukweli bila kunionea huruma.

Hapo mambo yalikuwa mazuri. Yangebaki hivyo hivyo kama Ijumaa nisingevuka kwenda kumsalimia shangazi.

Shangazi yangu Bi Fatu ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Ni mfupi, ana sauti ya kuitia watu ng'ambo, na kazi yake ni ukungwi. Wasichana wote wa kule Kisiwani wamepita mikononi mwake, mimi nikiwemo. Nilimkuta anachoma vitumbua.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivyo, unafua mashuka au mashuka ndiyo yanakufua wewe?"

Nikakaa, nikapewa chai na kitumbua cha moto, nikamweleza habari ya mtihani. Akaniuliza mtihani wenyewe ni wa kitu gani, wa kutembea? Nikamwambia ni wa kusema, shangazi, kuna kineno kimoja kinaitwa 'the' ndicho kilichoniangusha safari ile, kukiweka mahali pake ni kazi, lakini kesho kila nikikitamka mahali pake ujue nimepatia, na nikipatia mpaka mwisho mashuka nimeagana nayo.

"De," akasema shangazi.

"Hicho hicho."

"Kadogo namna hiyo?"

"Kadogo, lakini kanaua."

Akageuza vitumbua vyake, akafikiri. "Na watu wako watasimama wapi?"

"Watu gani shangazi? Mtihani ni kimya. Nipo mimi, wageni, na Madamu."

Akaniangalia kwa huruma, kama vile nimemwambia nakwenda kuzikwa na manispaa. "Kimya kimya hukaguliwa mtu asiye na kwao. Wewe una kwenu. Niachie mimi."

Sasa hapo ndipo nilipotakiwa kusema, "Shangazi tafadhali, msije." Maneno matatu. Lakini nilikuwa na kitumbua mdomoni, cha moto, na kuongea na mkubwa huku unatafuna si adabu, nikaitikia kwa kichwa nikasema, "Haya." Haya hiyo moja, ndugu zangu, ndiyo iliyonitia kwenye midomo ya watu.

Maana kwetu mwali anapotolewa nje kuonyesha aliyofundishwa, hakuna kusubiri mpaka mwisho ndipo watu wapige makofi kwa ustaarabu. Hapana. Akipatia moja, wanawake wanaachia vigelegele pale pale. Akipatia la pili, tena. Na akivuka lile gumu, anatandikiwa khanga akanyage, ili ardhi nayo ijue amepita nani. Ukimtazama mwali kimya bila kigelegele, ni kama umemwambia hujapendezwa naye. Mimi hayo nayajua tangu utotoni, ila akilini mwangu mtihani wa Kiingereza ulikuwa chumba kingine kabisa na mlango wake umefungwa. Shangazi hakuwa na chumba kingine. Kwake kukaguliwa ni kukaguliwa.

Jumamosi asubuhi tukavuka. Ndani ya mashua nilikuwa moto wa kuotea mbali: nikawaonyesha boya lile, ngome ile, mikoko ile, kila kineno kimekaa kwenye kiti chake. Bibi Ruth anatikisa kichwa kwa kuridhika, Madamu kanyamaza lakini unyamavu wa heri. Nikajisemea, Somoe, leo mashuka yatakutafuta.

Tukashuka pwani, mbele ya Gereza, lile boma la zamani lililo karibu na maji. Nikakunjua mikono kama nilivyokuwa nafanya mbele ya kioo, nikasema kwa Kiingereza, "Karibuni kisiwani," na kisiwa nikakipa 'the' yake safi.

"Lililililililiiiii!"

Niliruka. Bwana Tom aliruka zaidi yangu. Nyuma ya ukuta wa Gereza wakatokeza wanawake, wa kwanza shangazi, nyuma yake mashangazi wadogo, mama wadogo, majirani, wote wamevaa khanga sare, nyekundu na nyeupe, nyingine zimekunjwa vizuri begani. Sare! Yaani walikuwa wamezitafuta usiku ule ule.

"Ni nani hawa?" Madamu akaniuliza polepole.

"Ni... ni wanakijiji, Madamu. Wachangamfu sana." (Sikudanganya. Nilipunguza tu.)

Wageni walifurahi, wakapiga picha, wakadhani ndiyo makaribisho yenyewe. Nikaona afadhali, kumbe imeisha. Nikaanza kueleza habari za boma, "The fort..."

"Lililililiiiii!"

Nikakanyaga hatua kwenda mbele, wakakanyaga hatua. Nikasimama, wakasimama. Nilipotaja ukuta, vigelegele. Nilipotaja mlango, vigelegele. Nikamkazia shangazi macho yale ya "acha", na yeye akaniashiria kwa kidole gumba, mwanangu unaenda vizuri. Tulipofika Msikiti Mkuu nilikuwa na ile sentensi yangu ndefu niliyoifua na mashuka mwezi mzima, ya kusema kwamba sehemu ya zamani ya msikiti iko upande wa kaskazini wa jengo, na ndani yake mna 'the' nyingi mno, mama zangu wakapokea moja, hawajashusha pumzi wakapokea ya pili, ya tatu ikawakuta wamesongwa, na bibi mmoja mtu mzima akapaliwa mpaka akapigwapigwa mgongo. Kisiwa kizima kikaja kuona kuna harusi ya nani.

Na Bibi Ruth, mwalimu yule, akawa ameshagundua. Akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ndogo, hivi nimesikia vibaya au wale akina mama wanashangilia 'the'?

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Madamu alisikia. Uso wake ukawa ule wa Kwaresima.

Hapo nikaamua jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka najifunika khanga. Nikajisemea, kama tatizo ni 'the', basi siisemi. Naiacha kabisa. Kila penye 'the' naweka 'a', wale watakosa la kushangilia, watachoka, watakwenda kupika.

Kweli wakanyamaza. Ila sasa nikawa sieleweki. Nikawaonyesha msikiti ule ule tuliosimama ndani yake nikauita "a mosque", msikiti tu, mmojawapo, Bwana Tom akageuka kutafuta mingine. Nikasema hapa aliishi "a sultan", Bibi Ruth akauliza yupi, nikajibu, sultani tu. Alikufaje? Vitani. Vita ipi? Vita tu. Historia niliyoijua kwa majina na kwa mpangilio nikaigeuza kuwa uvumi wa barazani, mtu fulani alijenga nyumba fulani akafa siku fulani. Halafu nikataka kumkaribisha Bwana Tom kivulini pamoja na mkewe, nikamwambia aje akae na "a wife". Mke mmojawapo! Bwana Tom akacheka akaniuliza ana wangapi. Bibi Ruth hakucheka. Na kijana mmoja aliyekuwa anakielewa Kiingereza akawatafsiria akina mama, nikasikia nyuma yangu, "Kumbe ana wengine! Na huyu bibi anajua?"

Madamu akaja ubavuni kwangu. "Somoe, asubuhi ulikuwa mtu mwingine. Umepatwa na nini?"

"Hamna kitu, Madamu."

"Unajua leo ndiyo mwisho?"

"Najua, Madamu." Na machozi yalikuwa hapa.

Kimya hicho cha 'the' nacho kikawa kinawatia hofu upande wa pili. Wanawake wameshazoea kupokea, sasa hakuna kinachokuja. Nikawasikia wananong'ona, "Mbona haisemi ile?" "Amekwama mtoto." "Amefanyiwa kitu huyo." Mmoja akaanza kunisomea dua. Mwisho shangazi akashindwa, akapaza ile sauti yake ya ng'ambo, "Somoe mwanangu! Usiogope! Sema ile yetu!"

Nikaona dawa ni kuwakimbia. Badala ya kufuata njia kubwa nikawapitisha wageni kwenye kijinjia cha nyuma ya kuta, cha mkato, tulichokuwa tunapita utotoni, nikijua mama zangu wale wenye khanga mpya hawatataka kuchanwa na miiba. Nikasahau mambo mawili. La kwanza, mwanamke wa Kisiwani akiwa na mwali wake haogopi miiba. La pili, kisima. Kule nyuma kuna kisima cha zamani, ukingo wake ulishabomoka, majani yamekifunika mpaka usipokuwa mwenyeji huwezi kukijua.

Nageuka, namwona Bwana Tom amesimama kwenye majani na kamera usoni. Akina mama wametokeza kwenye kona, wamejipanga mstari na khanga zao, wanapendeza kwa kweli, na yeye anataka wote waenee kwenye picha. Anarudi kinyumenyume. Anarudi, analenga, anarudi tena.

Nikapiga kelele, ajihadhari na "a well".

Akanipungia mkono bila kuteremsha kamera. Akajibu kwa uchangamfu kabisa kuwa asante, visima siku zote anajihadhari navyo. Akarudi hatua nyingine.

Unaona nilichokifanya? Nilimpa nasaha. Nilimwambia kisima tu, kisima chochote cha duniani, kama mtu anavyoambiwa avae viatu au ale matunda. Naye mtu mzima akaitikia. Na mimi nilikuwa mbali, katikati yetu kuna ukuta uliolala, nikisema nikimbie simfikii. Nilikuwa na mdomo tu. Na mdomoni kulikuwa na lile neno, na nilijua nikilitoa wale nyuma watalipuka, na Madamu amesimama pale pale, na kazi yangu ndiyo imekwenda na maji.

Ikaende, nikasema moyoni. Mtu wa watu hafi kwa haya zangu.

"THE WELL! Mr Tom! THE well! THE WELL BEHIND YOU!"

Akaganda. Mguu mmoja ulikuwa umeshapanda juu ya majani. Akageuka polepole, akatazama chini, na jiwe dogo likaporomoka kutoka chini ya kisigino chake, likaenda, likaenda, tukasikia maji. Akaruka mbele kama kijana.

Na hapo sasa! Si vigelegele vile vya mwanzo. Vile vilikuwa mazoezi. Kijiji kizima kiliachia, hata wanaume, hata yule bibi aliyepaliwa. Shangazi akaja mbio anacheza na anatandika khanga kwa wakati mmoja, wenzake nyuma yake, khanga juu ya miiba, khanga juu ya mawe, kutoka niliposimama mpaka njia kubwa, "Kaisema! Kaisema mtoto wa kaka'angu!" Bwana Tom kakaa chini juu ya khanga, mweupe kama kitambaa, Bibi Ruth kamkumbatia, kisha kaniacha mimi sijui nifanye nini kwa kunikumbatia na mimi.

Nami nikaangua kilio. Si cha furaha, nisiwadanganye, kilikuwa cha hasira na haya. "Shangazi, mmeniharibia! Mmenifuata tangu asubuhi mnanipigia kelele, nimechanganyikiwa, nimeshindwa mtihani!"

Shangazi akasimama na khanga mkononi. "Umeshindwa vipi," akaniuliza, "na umeisema mara tatu?"

Bibi Ruth akataka kujua tunaambiana nini. Nikamweleza yote, kitumbua, haya, mwali, yote, kwa Kiingereza kilicholoa machozi, sijui hata niliweka vineno gani wapi. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu (mwalimu ni mwalimu tu, hata akistaafu) akaniambia kwa upole kuwa kwa kweli ningeweza pia kumwambia mumewe kuna kisima nyuma yako, na hapo 'a' ingekuwa sahihi kabisa. Nikamtazama. Mtu anarudi kinyumenyume kwenda shimoni, mimi nianze kupanga sentensi! Akaona nilivyomtazama, akacheka hadi akashika mbavu, akamgeukia Madamu akasema, mimi nimefundisha lugha hii maisha yangu yote, na hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuitumia 'the' akanirudishia mume. Mumewe mmoja tu, akaongeza, na hana wake wengine.

Sote tukamtazama Madamu. Alisimama pale na viatu vyake vya kanisani, na mtandio wake mzuri wa bluu ambao sijapata kuuona umekunjika.

"Hivi ninyi," akamwambia shangazi, "mlikuwa mnamtoa mwali?"

"Ee mama. Ndiye wangu huyu."

"Mngeniambia mapema." Akavua ule mtandio. "Kwetu Nyangamara mwali akivuka, asiyemtandikia nguo ana kinyongo naye. Mimi sina kinyongo na huyu."

Akainama, Madamu Editha, yeye mwenyewe, akautandika mtandio wake wa bluu mwisho wa zile khanga, pale zilipokuwa zimepungua kuifikia njia kubwa. Akaunyoosha na kingo zake kama anatandika altare. Kisha akanitazama.

"Pita basi, watu wanasubiri. Na Jumatatu uje na viatu vya kutembelea, si hizo ndala. Mashuka nitamtafutia mtu."

Nikapita. Nilipita huku nalia na kucheka, khanga baada ya khanga, na nilipokanyaga ule mtandio wa Madamu, nyayo zangu zina tope, nikasikia nyuma yangu kigelegele kimoja chembamba, cha mtu asiyejua kukipiga vizuri. Alikuwa Bibi Ruth.

Tulikula kwa shangazi siku ile, pweza wa nazi na wali, Bwana Tom akala kama mtu aliyerudishwa duniani, na Madamu na shangazi wakakaa pembeni wakibishana ukungwi wa pwani na wa bara upi mkali, hakuna aliyekubali kushindwa. Wageni walipokwenda kupumzika nikamfuata shangazi jikoni. Bado nilikuwa na dukuduku. Nikamwuliza, shangazi, tuseme ukweli, ulikuwa unaelewa hata kidogo nilichokuwa nasema?

"Hata kimoja," akasema, anaosha sufuria. "Kutwa nzima umeongea kama redio imekosa mawimbi. Nilijua tu wapi natakiwa nikufurahie."

Nikachukua kitambaa nikakausha vyombo.

Sasa kazi ninayo, Alhamdulillahi, wageni nawavusha na nyoka namwita nyoka kwa heshima zake zote. Lakini somo nimelipata: mambo yako ya mtihani usimwambie mtu anayekupenda huku una kitumbua mdomoni. Mwezi ujao natakiwa kwenda Lindi kufanya mtihani wa leseni ya kuongoza wageni, wa ndani, wa kukaa kwenye viti, na nimeapa safari hii kinywa changu ni kufuli. Nitalala kwa mama mdogo, kule kule Lindi mtaa wa Rasbura, nitafanya mtihani wangu, nitarudi, hakuna atakayejua. Juzi shangazi aliponiuliza safari ya Lindi ni ya nini, nikamwambia bila kupepesa macho kuwa nakwenda kung'oa jino.

Ameshaita wenzake. Anasema jino haling'olewi mtu akiwa peke yake.